Alama Niliyoikwangua

Itetemia, Alhamisi mchana

Nyamizi mwanangu,

Salamu utazikuta huko mbele, nikishatulia. Kwanza ujue kwamba nina hasira na wewe. Nimeona niiandike ingali ya moto, maana nikisubiri kesho stesheni nitalia tu, nawe utapanda treni ukidhani yamekwisha.

Umeondoka alfajiri kwenda Lusu kumuaga bibi yako mzaa baba, na utarudi jioni. Baba yako yuko mjini anakutafutia kamba ya kufungia sanduku. Nimekaa kwenye meza ile ile ya Jumapili, kitambaa kina doa la mchuzi ambalo sijalifua kwa makusudi. Habari za koti, soksi, dawa ya mafua na watu wa kutowaamini uwanja wa ndege, baba yako amekuimbia wiki nzima na mimi sina la kuongeza. Mimi nataka tuongee habari za Jumapili.

Jumapili nilipika kuku wanne kwa ajili yako. Tulikuwa na wageni wa kanisani, majirani, na Mzee Elia ambaye ndiye aliyekubatiza. Ni yeye aliyekuuliza, kwa upole wake ule wa kutafuna kwanza ndipo aseme, "Sasa binti, huko Uskoti unakwenda kusomea nini hasa?" Ukafurahi. Ukavuta sahani ya wali ukasema hii ni Uingereza, ukavuta kibakuli cha mboga ukasema hii ni Uskoti, wamekaa meza moja zaidi ya miaka mia tatu, na sasa nusu ya hawa wa kibakuli wanataka meza yao. Ukaeleza vizuri, sikatai. Ukasema wanaotaka kutoka wana mafuta ya baharini na samaki na pombe yao inayouzwa dunia nzima, na wamechoka kuamuliwa mambo London. Ukasema wasiotaka kutoka wanauliza watatumia hela gani, deni la pamoja litagawanywa vipi, na mpaka ukiwekwa kati yao na Waingereza, ambao ndio wateja wao wakubwa, itakuwaje. Mzee Elia akawa anaitikia kwa kichwa. Na mimi, mjinga wa watu, nilikuwa nimesimama mlangoni na jagi la maji, kifua kimejaa kwa ajili yako.

Halafu ukasema, "Ni kama kikundi cha mama tu. Walijitenga na Chama kwa hasira, hesabu wakaiacha nyumbani."

Watu wakacheka. Baba yako naye alicheka, asijitie hamnazo, nilimwona. Mimi nikageuka kwenda kuchukua maji ya kunawa ambayo hakuna aliyeyaomba, nikasimama uani kama dakika tano hivi nikiwaangalia kuku waliobaki.

Kunitania si kosa, nimekulea kwa utani na ulimi huo umeutoa kwangu. Kilichonichoma ni kwamba ulisema jambo usilolijua, ukalisema kwa sauti ya mtu anayejua, na hiyo shahada ya pili yenyewe hujaianza. Ungeniuliza ningekwambia. Ningekwambia kwamba hesabu hatukuiacha nyumbani. Laiti tungeiacha nyumbani, ningekuwa mwanamke mwenye bahati. Ukweli ni mbaya kuliko ulivyosema, ndiyo maana nauandika na siusemi.

Wakati ule ulikuwa bweni, kidato cha tatu, uliyajua mambo kwa vipande vya likizo. Nianze na babu yako, baba yangu mimi. Unajua hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na mama yako mkubwa Tabitha, halafu mimi. Watu wa kwetu, kule njia ya Sikonge, walizoea kwamba porini kwenye mizinga huenda wanaume, na mwanamke husubiri asali ifike uani. Babu yako akatuchukua wote wawili. Tulilala kambini msimu wa kurina, tulibeba moshi, tuliumwa mpaka macho yakafunga. Tabitha alikuwa analia kimyakimya, mimi nilikuwa napiga kelele. Aliyekuwa anapanda mti ni mimi, na aliyekuwa anashika kamba chini ni yeye. Maisha yangu yote ya utoto nilining'inia kwenye kamba iliyoshikwa na dada yangu, na sikuwahi hata siku moja kuangalia chini kuona kama bado ameishika.

Kila mfuga nyuki ana alama yake. Huichonga kwa shoka ubavuni mwa mzinga, na alama hiyo ndiyo hati. Unaweza kuukuta mzinga wa mtu umening'inia mwendo wa siku tano kutoka kwenye nyumba yoyote, umejaa, na njaa inakuuma, na hutaugusa kwa sababu alama imekwambia una mwenyewe. Alama ya babu yako ilikuwa mikato mitatu ya kusimama na mmoja wa kulala juu yake. Alipofariki alituachia mizinga sita ya mninga, sote wawili kwa pamoja, hakusema hii ya nani na ile ya nani. Nadhani alidhani ni jambo lisilohitaji kusemwa.

Sasa habari ya Chama. Unapowasimulia watu kwamba tulijitenga kwa hasira, waambie pia hasira yenyewe ilitoka wapi, maana hata leo nikiikumbuka damu inanichemka. Chama cha ushirika wa wafuga nyuki kilikuwa mjini, matawi vijijini. Sisi tulikuwa tawi la wanawake, na asali yetu ni ya miombo mitupu, unaijua, ile nyekundu ya kung'aa. Tulikuwa na mnunuzi wa Arusha aliyeichukua hivyo hivyo, haichanganywi. Siku moja Mkutano Mkuu ukapiga kura kuachana naye ili asali zote zimwagwe pipa moja, apewe mfanyabiashara mmoja mkubwa. Tawi letu karibu wote tulinyoosha mkono kukataa. Hatukufua dafu, matawi mengine yalikuwa na watu wengi zaidi. Asali yetu ikaingia pipani pamoja na ile ya alizeti na ile iliyochanganyika na majivu. Niliiona ikimwagwa kwa macho yangu mawili.

Sasa niambie wewe msomi. Waskoti wako, ulisema mwenyewe, walipiga kura ya kujitenga zaidi ya miaka kumi iliyopita, wengi wakasema tubaki. Haikupita miaka mingi, Uingereza nzima ikapiga kura kutoka Ulaya. Wao wengi walitaka kubaki Ulaya, wakatolewa nayo. Ulipolisema hilo mezani ulilipita mbio kama kitu kidogo. Si kidogo! Mtu aliyebaki ndani ya nyumba kwa sababu aliambiwa kutoka nje ni hatari, halafu nyumba nzima ikahamishwa yeye akiwa amelala, ana haki ya kukasirika, na hasira yake ni hoja ya uchumi kama hoja nyingine. Anayepanga njia ya mali yako ndiye anayepanga utakula nini. Sisi watu wa njia ya misafara tulipaswa kulijua hilo kuliko wote. Babu zetu walibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, mabegani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa bei iwe kiasi gani.

Kwa hiyo sababu tulikuwa nayo. Hilo usininyang'anye mbele ya wageni.

Lakini sababu nzuri haikuzuii kusema uongo, na hapa ndipo penye aibu yangu. Tabitha alikuwa karani wa mizani wa tawi. Ndoo za asali zote zilipita mikononi mwake, na aliandika kila msimu kwenye daftari lenye jalada la bluu. Wiki moja kabla ya mkutano wa kuamua, alikuja nyumbani akaniletea lile daftari. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti, mimi ndiye ningesema.

"Soma yote, Rebeka," aliniambia. "Misimu sita imo humo. Usisome mmoja."

Nilisoma mmoja. Miombo haitoi maua sawasawa kila mwaka. Kuna mwaka inafurika mpaka nyuki wanakosa pa kuweka, na kuna mwaka unapanda mti kwa taabu ukakuta masega makavu. Mwaka uliokuwa umetangulia ulikuwa wa kufurika. Niliuchukua ukurasa ule, nikauchana vizuri kwa rula, nikaenda nao mkutanoni. Nikasimama mbele ya wanawake wenzangu nikasema hiki ndicho tunachozalisha. Sikusema hiki ndicho tulichozalisha mara moja. Unaona nilivyofanya? Hakuna tarakimu hata moja niliyoighushi. Kila neno lilikuwa la kweli na jumla yake ilikuwa uongo.

Halafu kukawa na suala la kibandiko. Asali yetu iliuzwa na kibandiko cha Chama, kile cha kijani chenye picha ya mzinga. Madukani Dar walijua kibandiko, hawakutujua sisi. Tabitha akasimama kule nyuma, na unajua dada yangu hapendi kusimama mbele za watu. Akauliza, "Tukitoka, tutauza kwa kibandiko gani?"

Nikamjibu, "Hiki hiki. Tumekijenga wote, ni chetu kama kilivyo chao."

"Na wakikataa?"

"Hawatakataa. Wakikataa wataumia wao. Pipa lao bila asali yetu ni maji ya sukari."

"Rebeka, nauliza wakikataa."

Nikawageukia akina mama nikasema, "Huyu dada yangu tangu utotoni kazi yake kushika kamba chini. Mtu wa chini hawezi kuona mbali." Wakacheka, Nyamizi. Wakacheka kama walivyocheka wageni wako Jumapili. Tabitha akakaa chini, akafungua kanga akaifunga tena. Nilipokuwa nimesimama uani na lile jagi Jumapili, nilikumbuka namna alivyoifunga ile kanga. Ndiyo maana sikurudi ndani upesi.

Tulipiga kura, tukatoka. Tabitha hakutoka. Alibaki na Chama, wakamhamishia kwenye ghala la mjini, ndiyo sababu yuko Isevya mpaka leo. Watu wa Chama nao wasijifanye watakatifu. Walipita nyumba kwa nyumba wakiwatisha wanawake kwamba tutakula majani, kwamba watoto wetu watafukuzwa shule, kwamba barabara yetu haitachongwa tena, kana kwamba barabara ni mali yao. Hakuna aliyekuja na hesabu ya maana. Walikuja na vitisho kwa sababu vitisho havihitaji daftari. Nao walikuwa na ukurasa wao, wa mwaka wa ukame, walikuwa wanautembeza kama picha ya marehemu. Nikikusikia unasema huko Uskoti upande huu unachukua mwaka ambao mafuta yalikuwa bei juu, na upande ule unachukua mwaka ambao bei ilianguka, najisikia kuchoka mpaka kwenye mifupa. Nawajua watu hao. Nimekuwa mmoja wao, na wengine waliwahi kunywa chai kwangu.

Sasa lile la mizinga. Hili hulijui, na baba yako analijua nusu. Wiki ya pili baada ya kura, nilisikia kwamba Tabitha amesema mizinga ya baba itabaki ilipo na asali yake itaendelea kwenda Chama kama baba alivyokuwa akipeleka. Sikwenda kumuuliza kama kweli amesema. Nilichukua shoka na tezo, nikaenda porini peke yangu kwa baiskeli, nikalala kambini kwetu kwa zamani. Asubuhi nikapanda mti mmoja baada ya mwingine, hakuna wa kushika kamba, nikafunga mwenyewe kiunoni. Nikaikwangua alama ya baba. Kwenye mizinga yote sita. Nikachonga yangu, herufi R, kubwa, ya kuonekana kutoka chini.

Kilikuwa kipindi ambacho nyuki wana watoto. Mtoto wa miaka kumi wa kwetu anajua kwamba wakati huo mzinga haupigwi hata kwa kijiti. Mimi niliupiga kwa tezo, na nilikuwa naona fahari kila kipande cha mti kilipodondoka. Niliumwa mkono mzima na sikujali. Niliporudi baada ya siku tisa, mizinga sita ilikuwa kimya. Walikuwa wamehama. Nilibandika sikio kwenye kila mmoja, wa mwisho nilikaa nao mpaka jua likahama upande, nikitegemea labda wamo. Nilikuwa na mizinga sita yenye jina langu na isiyo na kitu ndani.

Tabitha alijua. Wawindaji waliiona, wakamwambia. Hakuja kunigombeza, na ningetoa chochote aje anigombeze. Alimtuma mtu aniletee tezo ya baba ambayo ilikuwa kwake, na ujumbe kwamba kama nimebakiza kitu cha kukwangua nikwangue. Tangu siku hiyo ni miaka minane. Tumekutana misibani mara tatu. Yeye ni mkubwa wangu, mimi ndiye wa kutoa shikamoo, na sijaitoa. Napita kama napita kwenye nguzo ya umeme. Na wewe unakwenda kwake, unakula kwake, unarudi na vitumbua vyake kwenye kontena, mimi navila nikisema nani kaweka hiliki nyingi namna hii.

Kikundi unajua kilivyoishia, au unadhani unajua. Chama walikataa kibandiko. Walikataa siku ile ile, kwa barua ya mistari mitatu, na kweli waliumia kama nilivyosema, pipa lao lilishuka thamani, na bado walikataa. Hilo sikuwa nimelifikiria, kwamba mtu anaweza kukubali kuumia ili mradi asikupe. Mnunuzi wa Arusha alishapata watu wengine. Msimu uliofuata miombo haikutoa maua. Misimu miwili tuliuza kwenye chupa za maji pale stesheni, tukiwakimbilia abiria madirishani. Mama Salome, yule jirani mwembamba aliyekuwa anakusuka, alikuwa ameuza ng'ombe wake wa maziwa akanunua masanduku kumi ya kisasa ya kufugia nyuki kwa sababu ya ukurasa wangu. Hakuwahi kunilaumu. Aliniuliza tu, siku moja tukiwa tunachuja asali, "Mama Nyamizi, ule mwaka uliotuonyesha, ulikuwa mwaka wa kawaida?" Nikamwambia ndiyo. Nilimwambia ndiyo, mwanangu, hata baada ya yote. Amekufa akiamini kwamba bahati yake ilikuwa mbaya.

Msimu wa nne ndipo tukapata kibandiko chetu, na mnunuzi mdogo, na leo asali yetu haichanganywi na ya mtu. Hatukula majani. Hatukujenga nyumba za bati la rangi nilizowaahidi. Wanawake kumi na wanane wamebaki kati ya arobaini, na ukiwauliza kama wangerudi Chama watakufukuza na mwiko. Ukiwauliza wale ishirini na wawili walioondoka, jibu ni jingine. Kwa hiyo mtu akija kuniuliza kama ilikuwa sawa kujitenga, namuuliza kwanza anamuulizia nani.

Na hili ndilo ninalokasirika nalo zaidi ninapokusikia ukieleza Uskoti kwa sahani na kibakuli. Unasema "Uskoti itapata", "Uskoti itakosa", kana kwamba Uskoti ni mtu mmoja mwenye tumbo moja. Nani atapata? Nani atakosa miaka mitano ya kwanza wakati hela mpya bado haijasimama, na je, ameambiwa hilo? Kuna Mama Salome huko, mwanangu, mwenye pensheni yake au duka lake la samaki karibu na mpaka, na kuna mtu mwenye suti anamwonyesha ukurasa mmoja. Labda anamwambia toka, utatajirika. Labda anamwambia baki, ukitoka utakufa. Wewe unakwenda kuwa mtu wa madaftari. Ukisimama mbele ya mtu kama huyo na misimu sita mkononi, ukachagua mmoja kwa sababu unapenda upande fulani, nitakuwa na hasira na wewe hata nikiwa kaburini, na ujue hasira zangu zinadumu.

Sikwambii uwe upande gani. Moyo wangu uko na wanaotaka kutoka, na siuonei haya, maana ninakumbuka asali yetu ikimwagwa. Lakini siku hizi nikimsikia mtu yeyote, wa upande wowote, anasema "hawatakataa", natamani kumuuliza swali la dada yangu. Swali lile lilikuwa na maneno mawili tu. Lilinigharimu kikundi nusu, na nyuki wa baba, na yeye mwenyewe. Nilikuwa na haki ya kutoka na sikuwa na haki ya kumfanya mtu achekwe kwa sababu ameuliza. Miaka minane nimeyachanganya haya mawili kwa makusudi. Kila nikikumbuka kosa langu la pili najikinga na haki yangu ya kwanza, na nimefanya hivyo mpaka nimezeeka nalo.

Jumatatu uliniambia una ombi moja tu kabla ya safari. Ulitaka mimi na mama yako mkubwa tukusindikize wote stesheni, tusimame upande mmoja wa treni. Nikachukua ufagio nikaanza kufagia. Ukasema, "Mama, mimi naenda kusoma jinsi watu wanavyogawana nchi, na nyumbani nina watu wawili hawawezi kugawana benchi la stesheni." Nikakwambia chunga ulimi wako. Ulikuwa sawa, na bado uchunge ulimi wako.

Ile mizinga mitano imekwisha kuoza porini. Mmoja niliuleta hapa, ndio ule ulio nyuma ya jiko ambao kuku wanatagia, na wewe ulikuwa ukikaa juu yake ukisomea mtihani wa kidato cha sita bila kujua ni nini. Nimeutoa mayai sasa hivi nikaufuta. Ile R yangu bado iko, na pale ilipokuwa alama ya baba pamebaki bonde. Sitachonga kitu. Nimemwita kijana wa bodaboda, amesema ataufunga nyuma kwa mpira na mimi nikae katikati, na ameuliza mara mbili kama nina hakika una faida. Nakwenda Isevya. Nitaushusha mlangoni kwa dada yangu, afanye atakavyo. Achonge alama ya baba upya, aupasue kuni, au aniambie nirudi nao.

Nitamwambia shikamoo. Nimelifanyia mazoezi neno hili hapa jikoni kama mtoto wa chekechea, na limetoka vibaya mara zote. Hasira zangu kwa Chama sitazitoa, nazo ni zangu na zina sababu. Nitamwambia kwamba nilichana ukurasa, kwamba sikusoma misimu mingine mitano, na kwamba alipouliza alikuwa ameona mbali kuliko mimi niliyekuwa juu ya mti. Kama nitaweza kuyasema yote hayo nikiwa nimesimama.

Na salamu zako ndizo hizi, nimezifikia. Nenda salama. Nakupenda, hata Jumapili nilikupenda, pale uani na jagi langu. Ukifika, usiwaambie Waskoti kwamba mama yako hakupiga hesabu. Waambie alipiga, na uwaeleze alivyopiga.

Barua hii sitakupa mimi. Naibeba Isevya pamoja na mzinga. Kama mama yako mkubwa hataniitikia, nitaichana njiani nikirudi, na kesho utaondoka na soksi za baba yako na mdomo wangu uliofungwa, hutajua niliandika chochote. Akiniitikia, nitamwachia yeye akupe kwa mkono wake kesho, tukiwa tumesimama upande mmoja wa treni.

Kwa hiyo kama unayasoma haya, Nyamizi, dada yangu alisema marahaba.

Mama yako,
Rebeka